Mchukwi: Chakula cha mbuzi kimelala chini ya mkorosho

Ukimtajia mtu wa Dar es Salaam jina la Kibiti, mara nyingi atakukumbusha mambo mawili. La kwanza ni yale mauaji yaliyoitikisa wilaya hiyo mwaka 2017. La pili ni mafuriko ya Aprili 2024, Mto Rufiji ulipojaa ukameza mashamba na nyumba, watu wakawa wanapita kwa mitumbwi mahali walipozoea kupita kwa baiskeli. Mimi leo, mpenzi msomaji, sikuletei maiti wala maji. Nakuletea mbuzi.

Usigune. Kwa watu wa kule mbuzi si mchezo. Mbuzi ni sare za shule, ni nauli ya kumpeleka mgonjwa Muhimbili, ni akika ya mtoto, na ukibahatika kumfikisha beberu mnono mjini wiki ya Idd el-Hajj, mbuzi ni bati za nyumba. Lakini huyo huyo akikata kamba jioni akaingia kwenye kunde za jirani, kufikia usiku kesi iko kwa mtendaji wa kijiji, na huko maneno hayawi ya mbuzi tena. Yanakuwa ya kabila, ya nani mwenyeji na nani mgeni. Hapo ndipo penye kasheshe.

Safari yenyewe siku hizi ni ya starehe. Unapanda gari Mbagala Rangi Tatu, unaipita Kongowe, Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana, Jaribu Mpakani, Bungu, lami tupu, huku minazi na mikorosho ikikusindikiza pande zote mbili. Wale wa umri wangu tunaoikumbuka Barabara ya Kilwa ya zamani, magari yakizama mchangani halafu foleni ya kivuko cha Ndundu inakungoja mbele, tunaiona kama ndoto. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003 na kivuko kikaenda zake. Mchukwi huna haja ya kufika huko darajani. Ipo jirani na Kibiti, na wageni wengi wanaifahamu kwa sababu ya hospitali yake ya misheni. Ukishuka garini, bodaboda wanakuuliza kwanza unamtazama mgonjwa gani.

Huku juu ni nchi ya mchanga. Watu wengi asili yao ni bondeni, kwenye mpunga na madungu, vile vibanda vya juu ya miti ambavyo mkulima analala humo akilinda mazao. Kuanzia mwaka 1968, baada ya mafuriko, Serikali iliendesha Operesheni Rufiji ikawapandisha watu kutoka bondeni kuja vijiji vya juu. Mchangani huku wanapanda kinachokubali mchanga: korosho, muhogo, nazi, embe, kunde, mbaazi, ufuta. Shika orodha hiyo kichwani, maana kila kilichomo humo kina sehemu yake ambayo binadamu hali na mbuzi anakula.

Zamani Rufiji haikuwa nchi ya mifugo kabisa. Mbung'o walikuwa wamekalia usukani. Mtu alikuwa na kuku, bata, na mbuzi wawili watatu wa kuchinja kwenye shughuli. Mambo yaligeuka mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa Usangu na Ihefu kule Mbarali ili kuunusuru Mto Ruaha Mkuu, wengi wakaelekezwa Pwani na Lindi. Wakaja Wasukuma, wakaja Wamang'ati, na ng'ombe, mbuzi na kondoo wao. Wenyeji wakajikuta wanaamka asubuhi shamba la mahindi limekuwa kiwanja cha mpira. Mei 2012 kule Ikwiriri moto uliwaka kweli kweli kati ya wakulima na wafugaji, na nchi nzima ikasikia.

Tangu hapo umesikia semina, mikutano, matumizi bora ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ipo tangu 1999, na mwaka 2010 ikatungwa nyingine ya nyanda za malisho na rasilimali za vyakula vya mifugo. Sina ugomvi na sheria. Ila mbuzi hajui kusoma. Akishikwa na njaa mwezi wa tisa, nyasi zimekuwa ngumu kama fagio, atakwenda kwenye kijani, na kijani cha mwezi wa tisa ni cha mtu.

MAGANDA YA MUUZA MUHOGO

Kando ya barabara nilimkuta mama mmoja anamenya muhogo wa kukaanga. Kisu chake kinakwenda kasi kuliko macho yako. Upande wake wa kulia beseni la muhogo mweupe, upande wa kushoto kilima cha maganda, na kwenye kilima hicho mbuzi watatu wanachungulia kama wateja waliokosa hela.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Wa mia tano au wa elfu?"

Nikamwambia nataka muhogo, lakini nataka na habari za maganda. Akanitazama kama mtu aliyetoka Milembe. Maganda, akasema, yana habari gani? Kuna kijana wa nyuma ya nyumba, ana mbuzi kumi, ndiye anayekuja kuyazoa kila jioni. Asipokuja yeye yanatupwa.

Kijana nilimfuata. Banda lake limeinuliwa juu ya nguzo, sakafu ya mbao zenye nafasi ili mavi yadondoke chini, ukilitazama kwa mbali utadhani ni dungu la shamba la mpunga limepotea njia. Mbuzi wake hawatoki. Nilipomuuliza kwa nini hawaachii kama wenzake, akanijibu kwa neno moja: "Kesi." Aliwahi kulipa fidia ya shamba la mtu, na fidia hiyo ilimla mbuzi wawili. Akaona ni heri awaletee chakula nyumbani.

Hebu tupige hesabu, maana hapa ndipo utamu ulipo. Mbuzi wetu wa kienyeji wa kilo 25 hadi 30 anahitaji kwa siku chakula kikavu cha kama kilo moja. Mbuzi kumi, kilo kumi. Tuseme thuluthi moja ya hizo itoke kwenye maganda ya muhogo: kilo tatu na kitu, yakiwa makavu. Maganda mabichi sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo utahitaji kilo 11 hivi za mabichi. Na muhogo ukiumenya, kila kilo 100 zinakuachia maganda kilo 15 hadi 20. Basi mama yule mmoja tu, akimenya kilo 60 au 70 kwa siku, anatoa thuluthi ya chakula cha mbuzi kumi bila kupanda jani hata moja. Haya, hesabu mwenyewe wauza muhogo kutoka Mbagala mpaka Kibiti.

MUHOGO HUO HUO UNAUA

Usikimbilie kisu bado. Karibu kila nyumba yenye mbuzi huku ina hadithi ya mbuzi aliyekula muhogo akafa kabla ya magharibi. Mwingine atakwambia kalogwa, mwingine atamtazama jirani kwa jicho la pembeni. Mara nyingi mchawi ni muhogo wenyewe. Maganda mabichi na kisamvu kibichi, hasa vya ule muhogo mchungu, vina sumu ya sianidi. Mnyama anahema kwa haraka, anatoa mapovu, anaanguka, anatapatapa, na kwa kipimo kikubwa hata kumwita bwana mifugo ni kazi bure, kwa sababu hafiki mtu.

Dawa yake ni jua, na jua Mchukwi halinunuliwi. Maganda yakatwe vipande vidogo, yatandazwe kwa wembamba kwenye mkeka au turubai, yageuzwe geuzwe siku mbili tatu mpaka yavunjike kama bisi. Sumu nyingi inaondoka na hewa. Kisamvu nacho kianikwe vivyo hivyo. Wanaijeria, ambao ndio wakulima wakubwa wa muhogo duniani, wamekwenda mbali zaidi. Wataalamu wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo walioko Ibadan waliwafundisha watu kuyaparuza maganda kwa mashine ile ile ya kuparuzia muhogo, kuyakamua maji kwa jeki, kisha kuyaanika. Yanakauka siku hiyo hiyo na kuwa kama unga wa chenga, yanafungwa kwenye magunia, yanauzwa. Kilichokuwa kinanuka jalalani sasa kina mzani na mteja.

Lakini jua nalo lina hila. Ukianika mwezi wa nne, masika yamepamba moto, maganda yanaota ukungu kabla hayajakauka. Ukungu huo si wa kupuuza. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walifariki kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na sumukuvu haichagui ya mtu na ya mbuzi. Ganda lenye weusi au harufu ya chumba kilichofungwa, litupe shimoni. Kijana wangu wa Mchukwi anaanika juu ya kichanja, siyo chini, na mvua ikinusia tu anakunja turubai lote analiingiza ndani, wageni mkae nje.

Jambo la pili ambalo watu hawalijui ni kwamba maganda peke yake ni kama kula ugali mkavu. Yana nguvu, hayana cha kujenga mwili. Mbuzi aliyelishwa maganda matupu utamwona tumbo limejaa na mgongo una mifupa. Ndiyo maana kijana anachanganya na kisamvu kikavu, majani ya kunde na mbaazi yaliyobaki shambani baada ya kuvuna, na matawi ya mlusina aliopanda kuzunguka uwanja. Pembeni amening'iniza jiwe la chumvi, na ndoo ya maji safi haikauki.

Huo mlusina nao una kisa. Ni mti wenye majani matamu kwa mnyama na yenye protini nyingi, lakini ndani yake mna kitu kinachomnyonyoa manyoya mnyama na kumvimbisha shingo akiulazimisha kuwa chakula chake chote. Australia walisumbuka nao miaka mingi. Wakashangaa kwamba mbuzi wa Hawaii wanaula bila madhara. Mtafiti wao, Raymond Jones, akagundua mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuwa mbuzi wa Hawaii wana vijidudu tumboni vinavyoivunja sumu hiyo. Vijidudu vikachukuliwa vikapelekwa Australia, mifugo ya huko ikapona, na kijidudu kimoja kikapewa jina lake, jonesii. Sisi tusiojua tumbo la mbuzi wetu lina vijidudu gani, tuwape mlusina usizidi thuluthi ya mlo, mambo yaishe.

Kwa nini vijidudu? Kwa sababu mbuzi na kondoo hawasagi chakula wenyewe kama mimi na wewe. Tumbo lao lina vyumba vinne, na kile kikubwa ni kama pipa la kuchachishia, lenye mamilioni kwa mamilioni ya vijidudu vinavyofanya kazi kwa niaba ya mwenye tumbo. Ndiyo maana anakula ganda, jani kavu, hata katoni ya sabuni, akakupa maziwa. Na ndiyo maana ukimbadilishia chakula ghafla leo mchana unamwua. Vijidudu vya nyasi si vijidudu vya pumba. Vinahitaji siku kumi hadi wiki mbili kuzoea, unaongeza kidogo kidogo. Mbuzi aliyevunja stoo akafakamia pumba usiku kucha, asubuhi usiulize kalogwa na nani.

BIBO HALIPANDI MELI

Sasa tuingie chini ya mkorosho. Kuanzia mwezi wa tisa, wa kumi, ukipita Mchukwi pua inakwambia kabla ya macho. Mabibo yametapakaa chini, mekundu na ya njano, nyuki na nzi wamefanya sherehe. Watu wanaokota korosho, bibo wanaliacha. Watoto wanakula mawili matatu, wajanja wanakamua juisi, na wapo wanaokamua mambo mengine ambayo polisi hawayapendi. Yaliyobaki, ambayo ndiyo mengi, yanaoza.

Hapa ndipo nilipotaka kumleta msomaji tangu mwanzo. Korosho yetu ghafi inapanda meli kwenda India na Vietnam. Ufuta nao unapita ghalani kwa ule mtindo wa stakabadhi, unaondoka mzima mzima na mafuta yake na mashudu yake. Mashudu ya ufuta, ambayo ni chakula kizuri sana cha mifugo, wanakula mifugo wa watu wengine. Lakini bibo halipandi meli. Halisafiri hata mpaka Mkuranga bila kuchacha. Na uzito wa bibo ni mara kadhaa ya uzito wa korosho inayoning'inia chini yake, maana yake kila tani ya korosho iliyouzwa imeacha tani kadhaa za tunda mchangani. Lina sukari, lina vitamini C kuliko chungwa, na linaanguka wakati ule ule nyasi zimekwisha. Hata ungemwomba Mungu apange ratiba usingepata ya namna hiyo.

Mkorosho wenyewe ni mgeni hapa. Wareno waliuleta kutoka Brazil karne ya 16. Na huko kwao, kaskazini mashariki ya Brazil, nchi ya ukame na mbuzi na kondoo wengi, makapi ya bibo lililokamuliwa juisi yanakaushwa na kulishwa kondoo, na watafiti wa kilimo wa serikali yao wameyafanyia kazi miaka mingi. Sisi tulichukua mti tukaacha maarifa melini.

Namna yake si ngumu. Bibo lichukuliwe siku lilipoanguka, likatwe vipande, likamuliwe maji, lianikwe juani siku tatu au zaidi mpaka liwe kama zabibu kavu. Ukilipa bichi mbuzi mwenye njaa bila kipimo, utapata mambo mawili. Ama pipa lake la tumboni litachacha likawa siki, akalala na kugoma kula, ama atakula yale yaliyochacha tayari na utamwona anayumba nyuma ya nyumba kama mjomba aliyetoka kilabuni siku ya mshahara. Wanakijiji wanacheka, ila mwenye mbuzi hacheki. Bibo pia lina ukakasi unaoizuia protini isitumike vizuri tumboni, kwa hiyo nalo liende na majani, lisitawale sinia.

Na tahadhari moja ya watu wa mikorosho. Miezi ile ya kupuliza salfa kuua ukungu wa unga, nyasi za chini ya mti zimejaa hiyo salfa. Usizikate kumlisha mnyama. Salfa ikizidi inamharibu ubongo, anatembea akigonga kichwa ukutani.

Kuna swali la kalenda ambalo mzee mmoja barazani alinibana nalo. Idd el-Hajj, alisema, inarudi nyuma siku kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2025 iliangukia Juni. Mabibo ni Oktoba mpaka Desemba. Mnono wa Idd atakula bibo lipi? Mzee alikuwa na haki yake. Jibu ni kwamba bibo kavu lililofungwa vizuri kwenye gunia, likawekwa juu ya mbao mbali na unyevu, linangoja. Ndiyo kazi ya kukausha. Ila, sisemi uongo, pale kijijini sikuona stoo hata moja ya bibo kavu. Niliona magunia ya maganda, niliona makuti, niliona baiskeli mbovu.

MAMBO YA WENZETU

Msomaji usidhani haya ni mambo ya njaa za Bongo tu. Waulize ndugu zetu walioko Oman, wale wanaoongea Kiswahili safi kule Muscat kuliko sisi. Nchi yao ni mawe na jangwa. Tangu enzi za mababu mbuzi na ngamia wa pwani ya Oman wanalishwa dagaa waliokaushwa juani. Ndiyo, mbuzi anakula dagaa! Na kokwa za tende zinalowekwa au kuchemshwa wanapewa mifugo. Huko hakuna mtu anayesema mbuzi chakula chake ni nyasi, kwa sababu nyasi hawazioni.

Majirani zetu Kenya nao wana la kwao. Mti wa mathenge uliletwa Baringo miaka ya 1980 kuzuia jangwa, ukageuka jangwa wenyewe, ukameza malisho. Mbuzi wakala maganda yake yenye sukari kama peremende, meno yakaoza yakang'oka. Mwaka 2006 wananchi wakaishtaki serikali Nairobi, na kielelezo chao mahakamani kilikuwa mbuzi kibogoyo. Si masihara, mbuzi mzima alipandishwa kizimbani aonyeshe fizi. Baadaye wataalamu wakafundisha kwamba maganda hayo yakisagwa kinuni au mashineni yanakuwa chakula kizuri, na mbegu zikisagika haziendi kuota kwingine. Kilichong'oa meno ndicho kikawa lishe, tofauti ni kinu.

Upande wa delta, kule Salale na Mbuchi kwenye mikoko, mtu atakwambia mbuzi anapenda sana majani ya mchu. Ni kweli, pwani za Uarabuni na Pakistani hata ngamia wanalishwa mti wa jamii hiyo. Hilo mimi silishabikii. Mikoko ya Rufiji, hekta 53,000 hivi, ndiyo mikubwa kuliko yote Afrika Mashariki, ni hifadhi, na ndimo kamba wanamokulia kabla hawajawa mboga ya hotelini. Mbuzi akila miche, mtu wa delta anakosa vyote viwili. Majani yenyewe yana chumvi, mnyama anataka maji baridi mengi, na maji baridi delta ni dhahabu.

Majani ya mpunga ya bondeni, yanayochomwa kila mwaka, yangeweza kulainishwa kwa mbolea ya urea. Kilo nne kwenye maji lita hamsini au sitini, unanyunyizia majani makavu kilo mia, unafunika kwa plastiki pasiingie hewa wiki tatu, unafunua yapunge kabla ya kulisha. Ng'ombe na kondoo wanakula vizuri. Mbuzi mchaguzi, anakula shingo upande. Na urea ikimwagika kwenye maji ya kunywa ni kifo, kwa hiyo nyumba yenye watoto na kuku na mbuzi wanaozurura mimi ningeiacha kwanza.

Kondoo nisiwasahau, maana jina lao linakuja mwisho kila siku. Mbuzi anakula akitazama juu, hata akisimama kwa miguu miwili kama mcheza sarakasi. Kondoo anakula akitazama chini. Maganda na mabibo makavu atakula, tena kwa ustaarabu kuliko mbuzi. Ila usimpe chakula cha kiwandani kilichotengenezwa kwa kuku au wanyama wengine, kwa sababu madini ya shaba yanayovumiliwa na kuku yanamwua kondoo ini polepole, na siku anayoanguka unadhani ni ugonjwa mpya.

CHA BURE NA MWENYE NACHO

Jioni nilirudi kando ya barabara pamoja na kijana, amebeba kiroba chake kitupu. Njiani alinieleza habari ya pumba. Zamani, alivyosimuliwa na baba yake, pumba za mahindi zilikuwa zinaachwa mashineni, mwenye mashine anakushukuru ukimpunguzia. Leo zinauzwa kwa kiroba, na wakati mwingine wenye kuku wa Dar wanazikomba zote kabla hujafika. Machicha ya nazi nayo, mama lishe wameshajua thamani yake. Anachoogopa ni maganda kufuata njia hiyo hiyo.

Nikamwuliza ametengeneza nini kwa mbolea inayodondoka chini ya banda. Akasema mwaka jana alimpelekea yule jirani wa ile kesi ya fidia, matoroli kadhaa, akaimwaga kwenye mchanga wa shamba lake. Kunde za safari hii, aliniambia huku akicheka, zimekuwa nyeusi kwa kijani. Na jirani akaanza kumwekea majani ya kunde baada ya kuvuna badala ya kuyachoma. Hawajawa marafiki, aliongeza. Wanasalimiana.

Tulimkuta mama anafunga biashara. Kilima cha maganda kimefika magotini. Kijana akapiga magoti akaanza kujaza kiroba, kama kila siku, huku wale mbuzi watatu wa mchana wakimfukuzia. Mama alikuwa ananitazama mimi na daftari langu. Kalamu ilikuwa bado mkononi. Akaifunika mihogo yake iliyobaki kwa kanga, akafuta kisu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kidogo, lakini siyo chini kiasi cha kijana kutosikia:

"Mwanangu, hivi huko Dar kiroba cha maganda wanauza shilingi ngapi?"